Istilahi za Afya na Malezi ya Mtoto Mdogo: Kati ya Lugha ya Zahanati na Lugha ya Nyumbani

1.0 Utangulizi

Taaluma ya istilahi za Kiswahili imejishughulisha kwa kiasi kikubwa na uundaji: namna maneno yanavyokopwa, yanavyotafsiriwa, yanavyoambatanishwa na yanavyosanifiwa. Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni lile la maisha ya istilahi baada ya kuundwa, pale inapotoka katika orodha ya wataalamu na kufika kinywani mwa muuguzi na sikioni mwa mama aliyembeba mtoto mgonjwa. Hapo ndipo istilahi inapokutana na maneno mengine yaliyoitangulia, maneno ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakieleza ugonjwa huohuo kwa nadharia nyingine.

Makala haya yanachunguza istilahi teule za afya ya mtoto na za elimu ya awali zitumikazo Tanzania na, kwa kiasi, Kenya. Hoja kuu ni kwamba jina la ugonjwa au la hatua ya makuzi si chombo kitupu kinachosubiri kujazwa maana na mtaalamu. Kila jina hubeba dai kuhusu chanzo cha tatizo na kuhusu mtu anayepaswa kuendewa. Kwa hiyo, kumweleza msomaji wa kawaida istilahi ya tiba si kazi ya kutoa kisawe tu, bali ni kazi ya kupatanisha madai mawili. Kazi hiyo isipofanywa, gharama yake hulipwa na mtoto.

2.0 Asili Tatu za Msamiati wa Afya ya Mtoto

Msamiati unaohusika waweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kuzingatia asili yake.

Kundi la kwanza ni la majina ya kale, yaliyokuwamo katika lugha kabla ya zahanati kuenea: surua, pepopunda, kifaduro, dondakoo, degedege, safura. Baadhi yake hujieleza yenyewe. Dondakoo ni donda la koo, na kwa kweli ugonjwa huo hufanya utando mzito kooni. Mengine hueleza chanzo kwa namna isiyolingana na sayansi. Pepopunda ni pepo wa punda, ilhali tiba inautambua ugonjwa huo kuwa ni athari ya sumu ya bakteria waingiao jerahani, na kwa mtoto mchanga aghalabu kupitia kitovu kilichokatwa au kutunzwa kwa vitu visivyo safi.

Kundi la pili ni la maneno yaliyokopwa kwa sauti: polio, nimonia, malaria, kliniki, virusi, bakteria. Maneno haya hayana mzigo wa nadharia ya kale, lakini pia hayana msaada wowote kwa msikilizaji anayeyasikia kwa mara ya kwanza.

Kundi la tatu ni la istilahi zilizobuniwa au kupewa maana mahususi kutokana na mizizi ya Kiswahili: utapiamlo, udumavu, UKIMWI, usonji, mtindio wa ubongo. Mfano ulio bora zaidi katika kundi hili ni UKIMWI, kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ulikwisha kupewa majina ya mitaani kabla istilahi rasmi haijaenea. Istilahi hiyo ilishinda kwa sababu ilikuwa na sifa mbili kwa pamoja: ilitamkika kama neno moja, na ilipofunuliwa ilitoa maelezo ya ugonjwa wenyewe.

Zipo pia istilahi ambazo maana yake imesafiri pamoja na teknolojia. Chanjo hutokana na kitenzi kuchanja, yaani kupasua au kukata. Neno lilifaa enzi ambapo kinga ya ndui ilitolewa kwa kukwaruza ngozi, na lilifanana na tendo la mganga wa jadi la kuchanja chale na kupaka dawa. Leo chanjo ya polio hutolewa pia kwa matone mdomoni, wala hakuna kinachochanjwa. Hata hivyo neno limedumu bila kuleta utata, kwa kuwa wazo la msingi, kuingiza mwilini kitu cha kuulinda, halikubadilika. Hapa msamiati wa kale ulikuwa daraja. Sehemu zinazofuata zinaonyesha mahali ambapo daraja la namna hiyo halikuwapo.

3.0 Homa na Degedege

Neno homa lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwanza, hutaja dalili, yaani kupanda kwa joto la mwili. Pili, hutumika kama jina la jumla la maradhi: homa ya malaria, homa ya manjano, homa ya matumbo, homa ya ini. Katika matumizi haya ya pili joto la mwili si lazima liwe dalili kuu. Aidha, katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, mtu asemaye ana homa aghalabu huwa na maana ya mafua. Hivyo basi, agizo la kumpeleka kituoni mtoto mwenye homa laweza kueleweka kwa namna tatu tofauti na watu watatu wazungumzao lugha moja.

Uzito wa suala hili ulidhihirishwa na tafiti zilizofanywa wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990. Ilibainika kwamba wanajamii waliitambua homa ya malaria kuwa ni ugonjwa wa kawaida unaotibika hospitalini, lakini wengi hawakuuhusisha na degedege. Degedege, yaani kukakamaa na kutetemeka kwa mtoto kunakoambatana na kupoteza fahamu, kulihesabiwa kuwa ni ugonjwa mwingine kabisa. Jina lenyewe ni uradidi wa dege, ndege mkubwa, na maelezo ya jadi humhusisha mtoto na ndege au shetani anayempitia. Kutokana na maelezo hayo, mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, hufukizwa, na kuna wazazi waaminio kuwa sindano itamwua mtoto aliyeshikwa na degedege.

Ikumbukwe kwamba malaria kali ni miongoni mwa sababu kuu za mtukutiko kwa watoto wadogo katika maeneo yenye ugonjwa huo, na kwamba malaria iliyofika ubongoni huweza kuua kwa muda mfupi. Kwa hiyo mpaka uliochorwa na lugha kati ya majina mawili, homa ya malaria na degedege, ulikuwa pia mpaka kati ya njia mbili: moja ielekeayo zahanati na nyingine iipitayo zahanati mbali. Kampeni iliyohimiza tiba ya malaria pasipo kulitaja degedege haikuweza kumfikia mzazi ambaye, kwa maoni yake, mtoto wake hakuwa na malaria hata kidogo.

Je, jina degedege liachwe? Jibu ni hapana. Kuliondoa ni kuwanyang'anya wazazi neno pekee walilo nalo kwa tukio la kutisha. Linalotakiwa ni kulitumia jina hilohilo na kulipa chanzo kipya waziwazi: degedege ni dalili, si ugonjwa unaojitegemea, huweza kuletwa na malaria, na homa ya uti wa mgongo, au na joto kali la mwili kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na kila mtoto aliyepata degedege anahitaji kuonwa na mganga wa kituo cha afya mara moja.

Tatizo hili halikomei kwenye majina ya kale. Tangu miaka ya 1980 kumekuwapo nchini Tanzania imani kuhusu meno ya plastiki, ambayo pia huitwa meno ya nailoni. Mtoto mchanga mwenye homa na kuhara hufunuliwa kinywa, na ufizi uliovimba mahali pa chonge hutambuliwa kuwa ni jino bovu la kung'olewa. Kinachong'olewa ni chipukizi cha jino la kawaida. Mtoto huweza kuvuja damu nyingi au kuambukizwa, na wakati huohuo kuhara kwake hakutibiwi. Ni jambo la kuzingatiwa na wanaistilahi kwamba jina hili halikurithiwa kutoka kwa mababu. Limebuniwa na umma kutokana na bidhaa za kiwandani, kwa utaratibu uleule wa sitiari unaotumiwa na kamati za istilahi.

4.0 Lishe: Kubemendwa, Kwashiakoo na Kulikiza

Mwaka 1933, daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, alichapisha maelezo ya ugonjwa wa watoto wenye kuvimba miguu na kubadilika ngozi na nywele. Mwaka 1935 aliutambulisha kwa jina alilolisikia kwa wazungumzaji wa Kiga, ambalo Kiswahili hulitamka kwashiakoo. Kwa wenye lugha, jina hilo lilikuwa la ugonjwa ampatao mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuja kwa mdogo wake. Jina la jadi lilikuwa limekwisha kuona uhusiano ambao sayansi ilikuja kuuthibitisha: mtoto aachaye maziwa mapema na kupewa chakula duni hudhoofika.

Kiswahili nacho kina neno lililoona uhusiano unaokaribiana na huo, lakini likaupa tafsiri nyingine. Mtoto aliyedhoofika, asiyekua wala kutembea kwa wakati, husemwa kuwa amebemendwa. Kwa mujibu wa imani hiyo, wazazi wamembemenda kwa kukutana kimwili wakati angali ananyonya, au mmoja wao kwa kutoka nje ya ndoa. Jina la Kiga linataja tukio. Jina la Kiswahili linataja kosa. Tofauti hii ni kubwa. Mama aliyeambiwa na majirani kuwa mtoto amebemendwa ana sababu ya kumficha mtoto huyo asionekane kliniki siku ya kupima uzito, kwa maana kila amwonaye atamhukumu mama kabla ya kumhurumia mtoto. Utapiamlo hutibika, aibu ndiyo huchelewesha tiba.

Istilahi za kisasa, yaani utapiamlo, unyafuzi, ukondefu na udumavu, zina fadhila ya kutomlaumu mtu. Hata hivyo zahitaji kutofautishwa kwa makini. Ukondefu ni uzito mdogo ukilinganishwa na urefu wa mtoto, nao huonyesha njaa au maradhi ya karibuni. Udumavu ni urefu mdogo ukilinganishwa na umri, nao huonyesha upungufu wa muda mrefu. Mtoto aliyedumaa huweza kuonekana mzima kabisa, kwa kuwa viungo vyake vinawiana. Huonekana tu kuwa mdogo. Kwa sababu hiyo udumavu hauonekani kwa macho ya mzazi ambaye watoto wote wa kijiji chake ni wafupi. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia nchini Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Kitenzi kudumaa ni cha kale na kinafahamika na wakulima wanaokitumia kwa mimea. Huo ni mtaji ambao waelimishaji hawana budi kuutumia.

Istilahi nyingine yenye mafunzo ni kulikiza, yaani kumwachisha mtoto ziwa. Vitabu vya lishe vya zamani vilizungumzia vyakula vya kulikiza. Usemi huo ulikuwa sanifu na mzuri, lakini ulidokeza kwamba chakula kinapoanza, maziwa ya mama yanakoma. Mwongozo wa sasa ni tofauti: mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka 2 au zaidi. Ndiyo sababu istilahi ilibadilishwa kuwa vyakula vya nyongeza. Mabadiliko ya neno moja yalibeba mabadiliko ya mwenendo mzima.

Hata neno pekee lina mtego wake. Kwa wazazi wengi maji si chakula. Kwa hiyo mtoto anayepewa maziwa ya mama na maji huhesabiwa kuwa anapewa maziwa ya mama pekee. Maelezo hayana budi kusema: bila chakula kingine chochote, wala maji.

5.0 Ulemavu: Neno Moja kwa Hali Mbili

Istilahi mtindio wa ubongo imetumika kwa hali mbili. Ya kwanza ni ulemavu wa mwendo na mkao unaotokana na kuumia kwa ubongo ungali unakua, kabla, wakati au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Ya pili ni upungufu wa uwezo wa akili. Hali hizi huweza kumpata mtoto mmoja kwa pamoja, lakini si kitu kimoja. Mtoto ambaye misuli yake imekakamaa na usemi wake ni mzito anaweza kuwa na akili sawa na wenzake, au kuwazidi.

Mwalimu anayepokea mtoto aliyeandikiwa istilahi hiyo bila maelezo huchagua maana iliyo karibu naye, nayo aghalabu ni ile ya pili, kwa kuwa neno ubongo humwelekeza kwenye akili. Matokeo yake mtoto hukalishwa nyuma ya darasa au hurudishwa nyumbani. Huu ni mfano dhahiri wa istilahi iliyovunja kanuni ya dhana moja kwa istilahi moja, na walioathirika hawawezi kulalamika kwa wanaistilahi. Istilahi usonji, inayotumika Tanzania na Kenya kwa tofauti za makuzi zinazogusa mawasiliano na uhusiano wa kijamii, imekwepa mtego huo kwa kuwa ni neno lisilo na matumizi mengine ya kawaida. Udhaifu wake ni kwamba halijielezi, hivyo lazima lifuatane na fasiri kila linapofikishwa kwa mzazi.

6.0 Elimu ya Awali: Kutoka Vidudu hadi Malezi Jumuishi

Uhusiano wa jina na hadhi unaonekana wazi pia katika msamiati wa elimu ya watoto wadogo. Kwa muda mrefu Tanzania Bara ilikuwa na shule za vidudu. Kidudu ni mdudu mdogo, na neno hilo lilitumika kwa mapenzi na utani kwa watoto wadogo wajaao mahali pamoja. Mzizi huohuo ndio uliotoa vijidudu, neno la viini vya magonjwa. Jina chekechea, lililoenea Tanzania na Kenya, lina upole zaidi, ingawa nalo halisemi lolote kuhusu kujifunza. Zanzibar hutumia maandalizi, istilahi inayotazama mbele: mtoto huandaliwa kwa ajili ya skuli ya msingi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu hiyo kwa serikali za kaunti. Neno awali limefuta utani wa vidudu. Limeitangaza hatua hiyo kuwa ni sehemu ya elimu, yenye mtaala na mwalimu aliyefunzwa. Hata hivyo limeleta hatari yake: mzazi asikiaye neno elimu hutarajia daftari na mtihani, naye humlaumu mwalimu anayewachezesha watoto. Kwa mtoto wa umri huo, mchezo ndio njia kuu ya kujifunza.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania Bara mwaka 2021, imeyaweka pamoja maneno matatu ambayo msomaji wa kawaida huyaona kuwa visawe. Malezi ni yale afanyayo mtu mzima: kulisha, kulinda, kuongea na mtoto, kuitikia ishara zake. Makuzi na maendeleo ni yale yatokeayo kwa mtoto mwenyewe. Ndani ya hayo inafaa kutenga ukuaji wa mwili, upimwao kwa mizani na kwa futi, na kuongezeka kwa uwezo wake: kukaza shingo, kuketi, kutambaa, kusimama dede, kutamka. Mtoto huweza kukua bila kuendelea. Kadi ya kliniki yenye mstari mzuri wa uzito haithibitishi kwamba mtoto anasikia au anaitikia jina lake.

Hapa lugha ya nyumbani ni tajiri kuliko lugha ya ofisi. Kusimama dede ni hatua mahususi, ya kusimama bila kushika kitu kabla ya kutembea, nayo ina jina ambalo halihitaji kubuniwa wala kufafanuliwa kwa bibi yeyote. Mtaalamu anayeuliza "Je, maendeleo ya mtoto yakoje?" atajibiwa kuwa ni mazuri. Akiuliza "Amesimama dede lini?" atapata jibu linaloweza kupimwa.

7.0 Mfano wa Maelezo kwa Msomaji wa Kawaida

Kutokana na uchambuzi huu, inapendekezwa kwamba maelezo ya istilahi ya afya ya mtoto yawe na sehemu tatu: maana, dalili na hatua. Ifuatayo ni mifano.

Degedege: mtukutiko wa mwili pamoja na kupoteza fahamu, uletwao na ugonjwa ulio mwilini. Dalili: kukakamaa, kutetemeka, macho kupinduka. Hatua: mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpeleke kituo cha afya papo hapo.

Kuhara: kupata choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku. Dalili za hatari: macho kudidimia, kiu kali, kulegea, damu katika choo. Hatua: endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe maji yenye chumvi maalumu za kuzuia upungufu wa maji mwilini, zikikosekana, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Aonyeshapo dalili za hatari, apelekwe kituoni bila kuchelewa.

Kwashiakoo au unyafuzi: utapiamlo mkali wenye uvimbe. Dalili: kidole kikibonyezwa juu ya miguu yote miwili huacha shimo, mtoto hupooza na kukataa chakula. Hatua: asidhaniwe kuwa amenenepa, apelekwe kituoni, kwa kuwa kumlisha kwa pupa bila usimamizi kwaweza kumdhuru.

Mtindio wa ubongo (wa mwendo): ulemavu wa misuli na mkao utokanao na kuumia kwa ubongo unaokua. Dalili: kuchelewa kukaza shingo na kuketi, viungo kukakamaa au kulegea. Hatua: mazoezi ya viungo yaanze mapema, uwezo wa akili upimwe peke yake, usikisiwe.

Utaratibu huu si mgeni. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia Watanzania wapatao milioni 2 kwa redio, vijitabu na vikundi vya kusoma, ilikuwa na utaratibu unaofanana: jina la ugonjwa lilifuatwa na chanzo chake, kisha na kazi ya kufanywa na kikundi chenyewe.

8.0 Hitimisho

Kamusi za istilahi zilizotolewa na TUKI, ikiwamo Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, zimempa mtaalamu wa Kiswahili uwezo wa kuijadili tiba kwa lugha yake. Hilo ni jambo kubwa. Kazi iliyobaki ni ya upande wa pili wa meza. Vigezo vya usahihi, ufupi na uwazi vinavyotumiwa kusanifu istilahi vinafaa kuongezewa kigezo cha nne: je, istilahi hii itakutana na neno gani nyumbani, na neno hilo linampeleka wapi mgonjwa? Jibu laweza kuwa kulitwaa neno la nyumbani na kulipa chanzo kipya, kama ilivyo kwa degedege. Au kulibadilisha neno la kitaalamu lenyewe, kama ilivyokuwa kwa vyakula vya kulikiza. Au kugawa istilahi moja kuwa mbili, kama inavyohitajika kwa mtindio wa ubongo. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta uwanja wa utafiti wa istilahi hawana haja ya kuanzia maktabani. Wanaweza kuanzia kwenye benchi la kliniki ya watoto, asubuhi ya siku ya kupima uzito, na kusikiliza ni maneno gani yanayotumiwa kabla mama hajaitwa ndani.